Kwa Mwanamke, Si Haba

Alasiri ya tarehe 31 Julai 2024 nilikuwa dukani kwa kaka yangu, nimekaa kwenye benchi ambalo miguu yake mitatu ni mizima na wa nne ni tofali. Runinga iliyo juu ya friji ya soda ilikuwa inaonyesha Olimpiki. Kule Châteauroux, Ufaransa, mwanamke wa Guatemala aitwaye Adriana Ruano alikuwa amesimama, bunduki begani, na karibu kila kisahani cha udongo kilichofyatuka mbele yake kiligeuka vumbi. Alivunja 45 kati ya 50, rekodi ya Olimpiki kwa fainali ya wanawake, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza tangu ianze kushiriki michezo hiyo. Mzee mmoja aliyekuja kununua robo ya sukari akatazama, akatikisa kichwa, akatamka maneno manne: "Kwa mwanamke, si haba."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshampa shikamoo, na kwetu hufungui na shikamoo ukafunga na ugomvi. Lakini ukurasa huu si benchi la kaka yangu. Leo namjibu, yeye pamoja na wote waliomtangulia kwa maneno hayo kwa miaka mia moja na ushei: watengeneza bunduki, waandaaji wa mashindano, wahariri wa magazeti, wajumbe wa mashirikisho. Mzee wa watu hakuyabuni. Aliyarithi.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Unaitwa trapu. Mlengaji husimama nyuma ya shimo au kibanda kilichofichwa ardhini, anaweka bunduki begani, anaita, na mtambo unarusha kisahani kidogo kuliko kile cha kikombe cha chai, upana wake sentimita 11 hivi. Katika trapu ya Olimpiki kisahani hicho hukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 100 kwa saa, na mlengaji hajui kitaelekea kushoto, kulia au mbele. Akisitasita, kimekwenda. Wenyewe bado wanakiita njiwa, maana mwanzo walikuwa njiwa kweli, wakifungiwa kwenye sanduku na kufunguliwa ili wapigwe risasi, ukatili ambao sitautetea hata kwa dawa. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya njiwa wa udongo, na damu ikaanza kutoka mchezoni.

Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu moja. Hauhitaji kifua kipana wala miraba minne. Hakuna kupigana vikumbo, hakuna kukimbizana, hakuna kunyanyua chuma juu ya kichwa. Kuna jicho, kuna pumzi, kuna mkono uliotulia. Kisahani hakina habari kama aliyekipiga amevaa sketi au suruali. Kama upo mchezo ambao mwanamke na mwanaume wangeweza kusimama mstari mmoja tangu siku ya kwanza bila mtu kuomba huruma, ni huu. Na walisimama. Matatizo yalianza mwanamke alipoanza kupiga.

Annie Oakley alizaliwa mwaka 1860 katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio, kwenye familia iliyoujua umaskini kwa jina lake la kwanza. Baba alifariki binti akiwa bado mdogo. Akachukua bunduki, akaingia msituni, akauza windo lake kwa wenye maduka na hoteli, na kwa fedha hizo akalipa deni la nyumba ya mama yake. Alipopambanishwa na Frank Butler, mlenga shabaha aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo, alimshinda. Butler, na hapa namvulia kofia, hakununa. Alimuoa, na baadaye akateremka jukwaani mwenyewe akawa meneja wa mkewe. Mwanaume mmoja alitazama shabaha, akahesabu, akakubali hesabu. Laiti wangekuwa wengi.

Mwaka 1887 Annie alikwenda London na maonyesho ya Buffalo Bill, katika mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria. Huko njiwa wa Kiingereza, wepesi kuliko aliowazoea, walimtoa jasho mwanzoni. Sasa fikiria waliokuwa pembeni wakisubiri. Fikiria raha yao. Lakini nyumba ya fundi bunduki Charles Lancaster haikuhubiri habari za jinsia. Ilichukua kipimo. Ikaona bunduki alizokuja nazo ni nzito mno na hazimkai mwilini, ikamtengenezea nyepesi, zilizokatwa kwa urefu wa mkono wake na kimo chake kidogo. Njiwa wakaanza kudondoka.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa uongo wote umezikwa hapa.

Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo. Shavu likikaa sawasawa juu ya mgongo wa kitako, jicho linateleza juu ya mtutu mpaka kwenye shanga ndogo iliyo mdomoni mwake, na bunduki inapiga pale unapotazama. Mgongo wa kitako ukiwa chini mno kwa uso wako, unaona chuma tu mbele yako. Ukiwa juu mno, marisau yanapita juu ya shabaha. Kitako kikiwa kirefu mno, kinanasa kwenye nguo karibu na kwapa unapokiinua, unachelewa kufumba na kufumbua, na kisahani kimeshaaga. Halafu bunduki isiyokaa vizuri begani haisukumi, inatwanga. Kesho yake una alama ya zambarau chini ya mtulinga, na kidole kinaogopa kufyatua. Ukiogopa, unafumba macho. Ukifumba macho, unakosa. Na bwana aliyekaa pembeni amekunja nne anasema: si niliwaambia?

Katika viwanda vikubwa vya Marekani vya enzi hizo, Parker kule Meriden, Winchester kule New Haven, kitako cha kawaida kilikatwa kwa mwili wa mwanaume wa kimo cha wastani. Mwenye fedha aliweza kuagiza kipimo chake. Asiye nazo alichukua iliyokuwepo ukutani, na iliyokuwepo ukutani ilikuwa ya baba, ya kaka au ya mume. Kisha akaambiwa bega lake ndilo lenye kasoro.

Mimi nimelelewa na mama fundi cherehani. Sijawahi kuona fundi anayeshona gauni la kipimo kimoja, akamvalisha kila mteja, na likimbana mmoja amwambie mama, mwili wako haujui kuvaa. Fundi wa namna hiyo angefunga kibanda kabla ya Idi. Lakini katika michezo, kazini, hata kwenye kiti cha dereva wa lori, ndivyo tunavyofanya kila siku na tunaita maumbile. Hayakuwa maumbile. Yalikuwa mbao, yenye urefu wa inchi kadhaa, na msumeno ungeyatibu kwa dakika tano.

Msumeno kweli ulitumika. Siku hizi kuna watu wanaokusanya bunduki za kale za trapu kama wengine wanavyokusanya saa au stempu. Wanazipenda, wanazipaka mafuta, wanajua namba ya kila moja. Na wana kanuni: kitako kilichokatwa hushusha bei. Bunduki imeharibiwa, wanasema, si ya asili tena. Sawa, soko lina sheria zake. Lakini mbona hakuna anayejiuliza nani aliikata, na kwa nini? Baadhi zilifupishwa kwa ajili ya wavulana, sikatai. Nyingine zilifupishwa na mwanamke aliyechoka kuvimba bega. Ile alama ya meno ya msumeno chini ya kibao cha kitako ndiyo saini yake. Mwingine hakuacha saini nyingine yoyote, maana klabu haikuandika jina lake, au ilimwandika "Bibi Fulani" kwa jina la mumewe. Wao wanaita uharibifu. Mimi naita hati ya historia, na ninashangaa wanaoipunguzia bei.

Isipokuwa, bila shaka, mwenye bunduki awe maarufu. Mwaka 2012, kwenye mnada huko Dallas, Texas, bunduki ya Parker iliyokuwa ya Annie Oakley iliuzwa kwa takriban dola 143,000. Marehemu anapendwa. Alipokuwa hai alifanywa nini? Mwaka 1898 alimwandikia Rais McKinley wa Marekani akijitolea kuleta kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, wenye silaha zao na risasi zao wenyewe, iwapo vita na Hispania vitazuka. Serikali isingegharamia hata ganda moja. Vita vilizuka, na kikosi hakikuitwa. Mwaka 1903 magazeti ya tajiri Hearst yalitangaza kwamba yuko jela Chicago, kaiba suruali ya mwanaume ili apate fedha za kokeini. Alikuwa mwanamke mwingine aliyejipachika jina linalofanana na lake, lakini nani ana haja ya kuuliza anapopata nafasi ya kumchafua mwanamke mwenye jina? Magazeti mengine yakadakia. Annie aliyashtaki 55. Alishinda kesi 54. Hata mahakamani alikosa kisahani kimoja tu.

Tuachane naye kidogo, maana kosa letu jingine ni kumjua mmoja na kudhani tumewajua wote. Mwanamke mmoja maarufu ni kisingizio kizuri cha kuwasahau wengine.

Elizabeth Servaty alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Winchester huko New Haven, upande wa risasi. Mwaka 1903 aliolewa na Adolph Topperwein, mlenga shabaha wa kampuni hiyohiyo, ambaye ndiye aliyemfundisha kupiga. Kila alipolipiga kopo aliigiza mlio wake kwa mdomo, na kutokana na mlio huo akabandikwa jina la Plinky. Mwaka uliofuata, 1904, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, alipasua visahani 967 kati ya 1,000. Mwanafunzi wa mwaka mmoja!

Kisha mwaka 1916, mjini Montgomery, Alabama, alisimama na bunduki ya pampu, ile ambayo kila baada ya kufyatua unavuta mkono wa chini nyuma kutoa ganda na kuurudisha mbele kuingiza risasi nyingine. Akaita visahani 2,000. Katika siku moja. Alivunja 1,952.

Usiipite haraka hesabu hiyo. Bunduki ya aina ile ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Ukiinyanyua begani mara 2,000 umenyanyua tani saba, sawa na kupandisha begani magunia 70 ya mahindi ya kilo mia mia. Kila mara unavuta na kurudisha, na kila mara bega linapokea teke. Ukichukua kipimo cha kawaida cha trapu ya Marekani ya wakati ule, gramu 32 kwa kila risasi, zilipita mtutuni kilo 64 za marisau. Uzito wa mtu mzima, umerushwa angani chembe kwa chembe na mwanamke mmoja, na kati ya visahani elfu mbili vilivyosalimika ni 48.

Nani sasa atanieleza habari za wepesi wa kuchoka?

Na tafadhali tazama wapi waliliweka jambo hilo. Halikuitwa ubingwa. Liliitwa maonyesho. Plinky alizunguka Marekani na mumewe kwa miongo, wakilipwa na kampuni ya bunduki, na walengaji wa kampuni walihesabiwa kando, nje ya zawadi za wachezaji wa ridhaa. Sheria hiyo iliwahusu wanaume pia, nakubali. Ila mwanaume wa kampuni alikwenda kuonyesha ubora wa bunduki, na mwanamke wa kampuni alikwenda kuonyesha kwamba bunduki ni nyepesi kiasi kwamba hata mwanamke anaiweza. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Katika miaka ya 1910 kampuni ya DuPont, iliyokuwa ikiuza baruti, iliwashabikia wanawake waingie viwanjani, na kule kwao Wilmington, Delaware, kukawa na klabu ya wanawake ya trapu iliyoitwa Nemours. Picha za wakati ule zinawaonyesha na sketi ndefu mpaka kwenye viatu na kofia pana. Jambo jema, na ninawashukuru wauza baruti kwa kuwa tamaa ya faida iliona walichoshindwa kuona wenye hekima. Lakini kualikwa kwa sababu unanunua risasi si sawa na kualikwa kwa sababu unapiga. Mteja hupewa kiti. Mshindani hupewa kanuni.

Kanuni ndizo nataka tuziangalie sasa, kwa utulivu, moja baada ya nyingine.

Mwaka 1950, kwenye mashindano makubwa ya Grand American huko Vandalia, Ohio, binti wa miaka 18 kutoka Miami, Joan Pflueger, alitwaa taji la bingwa wa mabingwa mbele ya wanaume. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hakupewa visahani vikubwa zaidi wala vya kwenda polepole.

Mwaka 1976 huko Montreal, Susan Nattrass wa Kanada alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki trapu ya Olimpiki, akiwa mstari mmoja na wanaume. Trapu ilikuwemo katika Olimpiki tangu Paris 1900. Miaka 76 ya kumsubiri mtu ambaye Montgomery ilimwona mwaka 1916.

Mwaka 1992 huko Barcelona, kwenye skiti, ndugu wa trapu, ambako visahani hurushwa kutoka vibanda viwili vya pembeni, Zhang Shan wa China alishindana katika tukio la wazi kwa wanaume na wanawake. Kabla ya fainali alipiga visahani 200. Alivunja 200. Baada ya fainali alikuwa na 223 kati ya 225, na wanaume wawili waliomfuata, Juan Giha wa Peru na Bruno Rossetti wa Italia, walikuwa na 222 kila mmoja. Walipopanda jukwaani walimbeba juu. Wapinzani wake wenyewe walimnyanyua! Wachezaji walikuwa wameshaelewa. Wenye makoti na tai hawakuelewa, au walielewa vizuri mno.

Miaka minne baadaye, Atlanta 1996, skiti ya Olimpiki ikawa ya wanaume peke yao. Skiti ya wanawake haikuwepo. Bingwa wa Olimpiki hakuwa na mahali pa kulitetea taji lake. Si kwamba alishindwa kufuzu. Mlango wenyewe ulikuwa umeondolewa ukutani.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa uamuzi wa kutenganisha ulikuwa umeshapikwa kabla Zhang Shan hajafyatua risasi ya kwanza Barcelona, kwamba haukuwa kisasi, kwamba nia ilikuwa kuwaongezea wanawake nafasi. Haya, nakubali yote kwa ajili ya mazungumzo. Basi walipoona 200 kati ya 200, kwa nini hawakuurudisha uamuzi huo mezani? Kama nia ilikuwa nafasi zaidi, mbona skiti na trapu za wanawake zilisubiri mpaka Sydney 2000? Ukimfukuza mgeni chumbani kwa ahadi ya kumjengea chumba chake, jenga kwanza.

Na chumba chenyewe kilipojengwa kilikuwa kidogo. Kuanzia Sydney mpaka Rio 2016, wanaume katika trapu walipiga visahani 125 kabla ya fainali. Wanawake walipiga 75. Sabini na tano! Hakuna fizikia inayolieleza jambo hilo. Kisahani ni kilekile, bunduki ileile, umbali uleule. Walipunguziwa 50 kama mgonjwa anavyopunguziwa uji. Halafu hesabu zao zikawa haziwezi kulinganishwa na za wanaume, na kwa kuwa haziwezi kulinganishwa, mzee wa dukani akabaki na uhuru wa kusema lolote.

Weka tarehe hizo mbili pamoja. Mwaka 1916 mwanamke mmoja alipiga visahani 2,000 kwa siku moja. Mwaka 2016, miaka mia kamili baadaye, wanawake bora wa dunia nzima walikuwa bado wanaruhusiwa 75. Tokyo ndiyo Olimpiki ya kwanza walipopewa 125 kama wenzao. Aliyetunga kanuni ya 75 ama hakuwahi kusikia habari za Montgomery, ama alisikia akaamua ni maonyesho. Sijui lipi baya zaidi, na kwa kweli sina haja ya kuchagua.

Mtu mwingine atanitupia namba nyingine. Siku moja kabla ya Ruano, Nathan Hales wa Uingereza alivunja 48 kati ya 50 kwenye fainali ya wanaume. Arobaini na nane ni zaidi ya arobaini na tano, bibi. Ni kweli. Sijasema popote kwamba mwanamke atashinda kila mara. Nimesema apimwe. Kuna siku 48 itashinda 45, na kuna siku 223 itashinda 222. Ndiyo maana ya mashindano. Anayedai ana uhakika nani atashinda hana sababu ya kuweka ukuta katikati, kwa kuwa visahani vingemfanyia kazi hiyo bure.

Na wapo watakaoniuliza swali zito zaidi, nami naliheshimu: mama, unatusifia bunduki? Sisi tunaopokea wakimbizi kutoka Kivu, tunaojua bunduki inapoingia kijijini inaingia na nini? Hapana. Siisifii. Hata Annie simfanyi mtakatifu. Maonyesho ya Buffalo Bill yaliyompa jina yaligeuza kunyang'anywa ardhi kwa wenyeji wa Marekani kuwa burudani ya tiketi, na yeye mwenyewe hakupiga kampeni kwa ajili ya kura ya wanawake. Alikuwa mtu wa wakati wake, mwenye kidole chepesi na ulimi wa tahadhari. Lakini haki haigawiwi kwa watakatifu peke yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama mnachukia bunduki, ifungieni milango yote miwili. Msiifungie mwanamke mlango wa mashindano kisha mkaniambia mnapenda amani.

Tena Annie alijibu kwa njia yake. Uzeeni alikaa Pinehurst, North Carolina, akiwafundisha wanawake kulenga shabaha. Mwaka 1922, akiwa na zaidi ya miaka 60, mwili umeshavunjwa na ajali ya treni ya mwaka 1901, alisimama mita 15 nyuma ya mtambo akapasua visahani 100 mfululizo. Asikose hata kimoja.

Ninachodai si kikubwa. Wenye makumbusho na wenye minada, mkikuta kitako kilichokatwa andikeni pia uwezekano wa aliyekikata. Wenye vitabu vya rekodi, yatoeni matendo ya wanawake kwenye sura ya burudani myaweke kwenye sura ya mchezo. Wenye mashirikisho, wa mchezo wowote, hata huu wetu wa mpira hapa nyumbani, kabla hamjatunga kanuni ya kumpunguzia mwanamke, tafuteni kama hajawahi kufanya mara ishirini ya hicho mnachomkadiria. Na sisi tuliobaki tufute maneno mawili ya kwanza katika yale manne.

Wiki iliyopita mzee alirudi dukani, safari hii kwa mafuta ya taa. Nikampa shikamoo, kisha nikamsimulia Montgomery. Nilimpa hesabu yote: kilo tatu na nusu, mara elfu mbili, magunia sabini. Alisikiliza ameshika dumu lake mkononi, na kaka yangu akaacha kupima mchele. Nilipofika kwenye 1,952 mzee alinyamaza kidogo, midomo ikicheza kama ya mtu anayetoa hesabu kichwani. Kisha akauliza, kwa ukali wa shabiki anayemdai mchezaji wake:

"Na hizo arobaini na nane, zilimpitaje?"

Nikahamia upande wa tofali, nikampisha akae kwenye mguu mzima.